Bibi Harusi Ndani ya Boti ya Wagonjwa

Tulipoachana, Odeta alikuwa mbele ya waandishi wa habari, kipaza sauti mkononi, mdomo umeshafunguka kulisema neno lililokuwa likisubiriwa na Mwanza nzima. Hapo hapo mkono wa mtu ukashika waya wa kipaza sauti na kuuchomoa ukutani.

Kwa aliyekuwa safarini, mambo ni haya. Odeta ni afisa habari wa Tuvuke, shirika dogo lenye ofisi Mabatini, juu ya duka la magodoro, na lenye boti moja tu ya kuwawahisha wajawazito wa visiwani hospitalini. Juzi video ikasambaa. Boti hiyo hiyo, yenye maandishi mekundu BOTI YA WAGONJWA, imejaa watu wa harusi: bibi harusi na shela lake, bwana harusi na suti, na wapiga tarumbeta wanapuliza mpaka mashavu yamevimba. Aliyeirusha aliandika chini yake: "Michango yenu hiyo, inakula raha."

Na Jumamosi ndiyo hafla ya kuchangia injini mpya.

Dakika ya mwisho kabisa, nahodha Orwa akamnong'oneza Odeta siri aliyoibeba tangu siku ile. Bibi harusi alikuwa na uchungu wa kujifungua!

Odeta akataka kuitangaza siri hiyo papo hapo. Ndipo waya ukachomolewa.

Aliyeuchomoa alikuwa mzee mwenye suti ya kahawia na jasho jingi. Plagi ameibana kwapani kama mtu anayelinda kuku asiibiwe.

"Shikamoo mzee," Odeta akasema, maana mzee ni mzee hata akikuharibia mkutano.

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku. Njoo upesi kabla hujaniua."

Waandishi wakaguna. Mama Bernadeta, mkurugenzi wa Tuvuke, akatabasamu kwa meno yote na kutangaza kwamba umeme umekatika. Taa iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa inawaka.

Chini ya ngazi, katikati ya magodoro ya jirani, mzee akajitambulisha.

"Naitwa Okeyo. Ni baba yake Queen. Baba wa bibi harusi."

"Yule aliyeshikwa na uchungu?"

"Shhh! Hakuna uchungu! Alikula sato aliyechacha."

Odeta akamtazama tu.

"Ndivyo nilivyowaambia wageni," mzee akasema, sauti imeshuka. "Mimi ni mzee wa kanisa. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana wetu kule kisiwani mambo ya ndoa, nawaambia wasubiri. Asubuhi mchungaji amefungisha ndoa, mchana keki haijakatwa, binti anashika kiuno. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema hongera."

"Ungesema sato."

"Yuko wapi sasa?"

"Mkolani, kwa shangazi yake. Amejifungua salama. Wa kiume." Hapo tabasamu likamponyoka mzee kabla hajalizuia. "Kichwa chake kama changu." Kisha akakumbuka shida yake, uso ukakunjamana tena. "Ukilisema hilo redioni, mimi nahama kisiwa. Na mpishi wa harusi, Ayoo, amenishtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Anasema nimemharibia jina kwa kumsingizia sato wake."

"Queen mwenyewe anasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kusema au kutosema."

Mzee Okeyo akaibana plagi zaidi. Swali hilo lilikuwa halijapita kichwani mwake. Na ukweli ni kwamba halikuwa limepita kichwani mwa Odeta pia. Laiti waya ungechelewa kidogo tu kuchomolewa, binti wa watu angekuwa anajadiliwa sokoni saa hizi.

"Nipe plagi, mzee."

"Utasema?"

"Nipe plagi."

Alirudi juu kwenye ukumbi wa ofisi, akachomeka waya mwenyewe, akasimama wima.

"Ndugu waandishi, boti yetu siku ile ilibeba mgonjwa. Ni nani na aliumwa nini, sitasema, leo wala kesho. Kila anayepanda boti ile anapanda na siri yake na anashuka nayo."

"Mgonjwa na tarumbeta?" mwandishi mmoja akauliza kutoka nyuma. Ukumbi ukacheka.

"Tarumbeta lilikuwepo, na mmeliona. Boti ilizidisha watu, wengine hawakuvaa jaketi la kuokolea. Hilo ni kosa letu, na kwa hilo naomba radhi."

Pembeni, nahodha Orwa akainamisha macho.

Mama Bernadeta alikuwa ameandaliwa taarifa nzuri na jamaa wa Dar es Salaam, yenye maneno kama "usumbufu uliojitokeza". Ilibaki kwenye mkoba wake. Odeta alikuwa ameshazima kipaza sauti.

Msomaji, unadhani ukweli huo ulisaidia?

Uliharibu! Jioni ileile Mwanza ilikuwa na msemo mpya: mgonjwa wa tarumbeta. Stendi ya Buzuruga wapiga debe waliuchukua kama wao. "Mgonjwa wa tarumbeta, siti ya mbele bado moja!" Kwenye magrupu ya WhatsApp watu walituma picha za wajomba zao wamelala na tarumbeta kitandani. Dada yake Odeta mwenyewe alimtumia mojawapo, akaongeza vikatuni vya kicheko.

Asubuhi simu ya Mama Bernadeta ikalia. Alikuwa Bwana Luhende, muuza injini za boti na mwenyekiti wa kamati ya hafla. Wageni wote waalikwa walikuwa rafiki zake. Mama Bernadeta akaweka sauti kubwa ili na Odeta asikie.

"Mama, mimi nimesimama mbele ya watu wangu nikawaambia wachangie. Sasa wananicheka. Nataka jina la huyo mgonjwa."

"Bwana Luhende, unajua..."

"Jina! Kesho, mbele ya wageni. Bila jina, watu watakula pilau waende nyumbani, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoka."

Simu ikakatika. Mama Bernadeta akajitupa kwenye kiti.

"Mtaje," akasema.

"Siwezi, Mama."

"Odeta, nisikilize. Injini tuliyonayo inazimika katikati ya maji. Wewe unakaa hapa na vipaza sauti, mimi ndiye ninayepigiwa simu na waume wa visiwani. Mwanamke afe ziwani kwa sababu mzee mmoja anaona aibu kanisani?"

Lilikuwa neno zito, na halikuwa la uongo. Odeta akavuta kiti karibu naye.

"Na akijua kwamba tukibanwa tunamtaja, mwanamke huyo atatupigia simu? Au atajifungulia nyumbani kwa kuogopa kutangazwa?"

Mama Bernadeta alikuwa mkunga kabla hajawa mkurugenzi. Wanawake waliochelewa kwa kuogopa watu walikuwa bado kichwani mwake, kila mmoja na sura yake.

"Basi nenda kamuulize," akasema mwishowe. "Lakini umuulize. Usimwombe, usimlilie."

Mkolani, nyumba ya shangazi ilijulikana kwa kamba ya nguo. Ilikuwa imejaa nepi, na aliyekuwa akizianika ni kijana mwenye viatu vya harusi na bukta. Huyo alikuwa Obedi, bwana harusi.

"Karibu dada. Samahani kwa viatu, nilikuja na hivi tu."

Ndani, Queen alikuwa ameegemea mito. Mtoto alilala ubavuni pake, amefunikwa na shela la harusi mbu wasimguse.

Odeta akampongeza, akamtazama mtoto (kichwa kweli cha mzee Okeyo!), halafu akaeleza kilichomleta. Ikadhihirika kwamba Queen hakuwa na habari. Simu yake ilikuwa kwa baba tangu siku ya kujifungua, kwa maelezo kwamba mzazi anahitaji kupumzika.

"Nionyeshe," Queen akasema.

Odeta akamwonyesha video. Queen akaangalia, akashika tumbo, akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, akaomba maji, akacheka tena.

"Obedi! Njoo uone sura yako!"

Obedi akaja na nepi begani, akajiona alivyokodoa macho botini kama aliyemeza mfupa.

"Dada," Queen akasema alipotulia, "watu wanamlaumu nahodha kwa hao wa tarumbeta?"

"Wanamlaumu. Hata mimi nililaumu, mbele ya redio."

"Mimi ndiye niliyewapandisha. Orwa alikataa, nikamshika mguu. Ufukweni walikuwa wamesimama wageni wote, mchungaji na wanakwaya. Nilikuwa siwezi kuzuia kelele tena. Nikawaambia wale kaka wapulize kwa nguvu zao zote, mtu asisikie ninavyolia. Kila uchungu ukija, Obedi anawakonyeza, wanaongeza."

"Mmoja alikaribia kuzimia," Obedi akasema.

Odeta alikaa chini. Orwa alijua yote hayo, na jana aliposimangwa alitazama tu sakafu.

"Kwa hiyo nikisema, mambo yanaisha?" Queen akauliza.

"Usijibu leo. Neno likishatoka, hulirudishi. Litakaa mitandaoni mpaka huyu mtoto aende shule. Unaweza kusema, unaweza kusema bila jina wala sura, unaweza kunyamaza kabisa. Ongea na mumeo kwanza."

"Na nikinyamaza, boti itakuwaje?"

"Huenda hafla ikavunjika. Lakini hilo ni tatizo langu, si lako."

Queen akamtazama mtoto, akalirekebisha shela. Odeta akaaga, akatoka mikono mitupu.

Njiani alipitia mwaloni, boti zinakotia nanga, kumtafuta Orwa. Alimkuta ameinamia injini ile mbovu.

"Kaka Orwa, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya jana. Ungeniambia kuhusu tarumbeta."

Orwa akafuta mikono. "Nilishakuambia moja, hiyo ya uchungu, nikaona umekimbilia kipaza sauti. Ya pili nikaimeza."

Jibu hilo Odeta alilistahili, akalichukua bila kujitetea.

Jumamosi mchana, ukumbi wa ufukweni ulipambwa kwa vitambaa vya bluu na nyeupe. Boti ya Tuvuke ilifungwa gatini, imeoshwa ikang'aa, ili wageni waione. Wageni walikuja, lakini kwa udaku zaidi kuliko kwa michango. Mmoja alimuuliza mhudumu kama tarumbeta litakuwepo.

Bwana Luhende alipanda jukwaani akiwa amependeza, mkewe ameketi meza ya mbele.

"Ndugu zangu, kabla sijawaomba kitu, kuna swali. Binti Odeta, njoo. Mgonjwa yule ni nani?"

Odeta akapanda jukwaani.

"Sitamtaja, Bwana Luhende."

"Hata tukikosa injini?"

"Hata tukikosa. Mheshimiwa, siku mkeo au binti yako atakapolala kwenye boti ile, hutapenda nisimame hapa nimtaje kwa sababu mtu ameuliza kwa sauti kubwa."

Vijiko vikasimama. Mama Bernadeta akafumba macho.

Bwana Luhende akashusha pumzi. "Basi, ndugu zangu. Pilau ipo. Kuleni, kisha..."

"Mgonjwa wa tarumbeta ni mimi!"

Vichwa vikageuka kwa pamoja. Mlangoni alisimama Queen, na msomaji wangu, alikuwa amevaa gauni lilelile la harusi, limefumuliwa mishono pembeni ili apumue. Obedi alikuwa nyuma yake, mtoto kifuani. Na nyuma ya Obedi, suti ya kahawia, jasho, mzee Okeyo.

Queen alipewa kiti na kipaza sauti. Alisimulia yote, tangu keki ambayo haijakatwa hadi mpiga tarumbeta aliyekaribia kuzimia, na ukumbi ulicheka mpaka meza zikagongwa. Kisha akasema kitu kilichowanyamazisha.

"Daktari aliniambia kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Tungesubiri wageni wamalize kula, ningekuwa nimemzika. Dada Odeta hakuniomba nije. Alinikataza nisijibu haraka. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee Okeyo akasogea mbele. Akakitazama kipaza sauti kama mtu anayetazama nyoka. Safari hii hakugusa waya.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Nilisema ni sato. Sato alikuwa mzuri kabisa! Mpishi Ayoo popote ulipo, nisamehe. Na huyu," akamchukua mtoto, akamwinua juu, "huyu ni mjukuu wangu, na sioni aibu tena. Mchungaji akitaka kuniondoa uzee, aniondoe. Ubabu haniondoi."

Waliosimama kwanza ni meza za nyuma, halafu ukumbi mzima. Mwenye kituo cha mafuta akaahidi mafuta. Akina mama wa kikoba cha Ilemela wakaahidi majaketi ya kuokolea. Bwana Luhende, macho yamelowa, akapanda tena jukwaani na kusema injini inatoka dukani kwake, mpya, na fundi juu. Odeta alijikuta amekumbatiwa na Mama Bernadeta kwa nguvu za kikunga.

Hapo ndipo filimbi ya Orwa ikasikika kutoka gatini.

Zahanati ya kisiwani ilikuwa imepiga simu. Kuna mgonjwa, na ziwa limeanza kuchafuka. Wageni wakamiminika gatini na simu zao. Bwana Luhende akawa mbele kama mshereheshaji.

"Rekodini! Hii ndiyo video ya kusambaza! Waone kazi tunayoichangia!"

Orwa alikuwa akifungua kamba. Akamrushia Odeta simu. "Ongea na muuguzi, mikono yangu imejaa."

Odeta akaziba sikio moja. "Nakusikia, dada, sema."

Sauti ya muuguzi ilikatikakatika kwa upepo. "Ni binti, mwanafunzi. Mtoto amekaa vibaya, tunahitaji boti sasa hivi. Kwao wanajua yuko chuoni Dodoma. Anamtaka baba yake aje, hataki mwingine. Lakini anasema wasije wakamwambia mbele ya watu, wala mama yake asijue kwanza. Ameniapisha."

"Anaitwa nani?"

"Rose. Rose Luhende."

Odeta akageuka taratibu. Bwana Luhende alikuwa anawapanga wageni wasizibe maandishi mekundu ya boti. Mkewe alikuwa amesimama ubavuni pake, anatabasamu kwenye kila simu.

Injini ikakohoa, ikazima. Ikakohoa tena, ikawaka.

"Twende!" Orwa akapiga kelele. "Msindikizaji ni mmoja tu, ndugu wa mgonjwa. Yupo?"

Odeta akachukua jaketi la kuokolea, akapita katikati ya wageni, akamwekea Bwana Luhende mikononi.

"Panda botini, mzee."

"Mimi?" Bwana Luhende akacheka, akawageukia rafiki zake nao wakacheka. "Binti, mimi nauza injini, sipandi boti. Kwa nini mimi?"

Kicheko kikaisha. Simu zote zikamgeukia Odeta, na mke wa Bwana Luhende akaacha kutabasamu.